Bamdogo wangu na matone ya "homoni ya ujana"

Jumapili nimeenda kumsalimia bamdogo pale Kirumba, Mwanza, nikamkuta na kichupa mezani, matone kumi chini ya ulimi kila asubuhi, kimemtoka elfu themanini. Ana miaka 64, anauza dagaa soko la Mwaloni toka mi sijaanza darasa la kwanza, sa hivi magoti yanamsumbua na mwili umechoka, sasa kuna mtu kamwambia hiyo ni homoni ya ukuaji, inarudisha ujana. Iliniuma sana jamani, maana hela ile naijua imetoka wapi.

Homoni yenyewe ipo kweli. Inatoka kwenye tezi ya pituitari, kitu kidogo kama punje ya njegere chini ya ubongo, mtoto inamrefusha, mtu mzima inamtunzia misuli na mifupa, na umri ukienda inapungua, hapo hawajadanganya. Ila ni protini! Ukiimeza tumbo linaisaga kama linavyosaga sato uliyekula mchana, na chini ya ulimi haipenyi kwa sababu molekuli yake ni kubwa mno. Ndo maana mgonjwa anayeihitaji kweli anachomwa sindano, na dawa inatunzwa kwenye friji, wakati kichupa cha bamdogo kilikuwa kinapigwa na jua la dirishani.

Na sindano nayo kwa mzee asiye na ugonjwa wa tezi mi nasema hapana. Haya mambo yalishika moto mwaka 1990, daktari mmoja Marekani anaitwa Daniel Rudman na wenzake waliwachoma wanaume 12 waliovuka miaka 60 kwa miezi sita, nyama ikaongezeka mafuta yakapungua, basi wafanyabiashara wakadaka hapo hapo. Tafiti za baadaye zikaonyesha misuli inaongezeka lakini nguvu haiongezeki, halafu watu wanavimba miguu, viungo vinauma, vidole vinakufa ganzi, sukari inapanda. Sasa mtu magoti tayari yanauma unampa kitu cha kuuma viungo?

Kitu ambacho muuzaji hakumuuliza ni analala saa ngapi. Mwili unaimwaga homoni hii kwa wingi ukishaingia usingizi mzito, mara nyingi mwanzoni mwa usiku, na bamdogo anakesha na simu mpaka saa sita akisubiri wavuvi wampe bei, saa tisa yuko mwaloni kuwahi mitumbwi ya dagaa, siku zisizo na mwezi. Miaka thelathini hivyo! Huo usingizi mzito ataupata wapi?

Tumekaa tukaongea mpaka giza limeingia. Binamu yangu atakuwa anapokea mzigo alfajiri siku tatu kwa wiki ili mzee alale, na Alhamisi nampeleka hospitali wamwangalie magoti na wampime sukari. Matone ameacha, ila kichupa kakataa kukitupa, anasema amekilipia.