Kimbunga kikija usinitumie mstari, nitumie upana

Kila msimu wa vimbunga vya Atlantiki, kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, kuna watu hawalali vizuri na wala hakuna anayewalipa. Sio wanasayansi, mmoja ni fundi umeme, mwingine mwalimu, mwingine mstaafu, mwingine bado yuko chuo, wana baromita ukutani (kile kipimo cha mgandamizo wa hewa) na kipima mvua uani na simu zimejaa picha za setilaiti. Mimi hawa watu nawapenda na nawafuatilia sana, nasema hilo mapema kabisa kwa sababu nina neno nao na ni zito kidogo. Tumeng'ang'ania swali moja tu, "kinaelekea wapi?", halafu tunalijibu kwa mstari mmoja mwembamba kwenye ramani, na ule mstari unaumiza watu.

Kabla hujaniambia kwamba basi waachiwe wataalamu peke yao, hapana, sisemi hivyo hata kidogo. Aliyetuonyesha kwamba dhoruba kubwa ni upepo unaozunguka alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, William Redfield wa Connecticut. Baada ya dhoruba ya Septemba 1821 alikuwa anapita mashambani akaona miti iliyoanguka sehemu moja imelalia kaskazini magharibi, akaendelea na safari, mbele kule akakuta miti ya dhoruba ileile imelalia upande wa kinyume kabisa. Wangapi walipita wakaona kuni tu! Yeye akakaa na lile jambo miaka, akakusanya taarifa za manahodha, mwaka 1831 akachapisha maelezo yake, na baadaye akawa rais wa kwanza wa chama kikubwa cha wanasayansi wa Marekani. Kwa hiyo heshima ya mtu wa kawaida anayeangalia mbingu kwa makini mimi siigusi.

Na ofisi nazo zikiziba masikio watu wanakufa. Mwaka 1900 watabiri wa Cuba, waliokuwa na uzoefu wa vimbunga toka enzi za padri Benito Viñes aliyeanza kutoa tahadhari Havana mwaka 1875, waliona kimbunga kinaingia Ghuba ya Mexico na kuelekea Texas. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ikashikilia kwamba kitakata kona kwenda kaskazini kupitia Florida, na telegramu za utabiri kutoka Cuba zilikuwa zimewekewa vizuizi. Septemba 8 kikaipiga Galveston, wakafa watu wasiopungua 6,000. Wale walikuwa wanabishana kuhusu mwelekeo, na upande uliokuwa na nguvu ya kutangaza ndio uliokosea. Kwa hiyo macho mengi ni mazuri, mimi shida yangu ni kile ambacho hayo macho yanakitangaza.

Tuje kwenye koni. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kule Miami, NHC, kinatoa taarifa kamili kila baada ya saa sita, na kwenye ramani yao kuna ile koni nyeupe inayoanza nyembamba na kupanuka kwenda mbele. Watu wengi wanadhani koni ni ukubwa wa kimbunga, au ni eneo litakaloharibiwa, wala siyo. Koni inaonyesha tu kitovu kinaweza kupita wapi, na imechorwa kwa kuangalia makosa ya utabiri wao wa miaka mitano iliyopita, wakachukua duara linalobeba theluthi mbili ya makosa hayo. Maana yake theluthi moja ya mara kitovu kinaweza kutoka nje ya koni na hakuna aliyekosea kazi! Halafu upepo na mvua na bahari haviishii kwenye kitovu, vinaweza kufika mamia ya kilomita nje ya koni. Sasa mtu anachukua picha ile, anachora au anakuza mstari wa katikati, anaposti "kinaenda Tampa", mji wa pwani ya Florida, na maelfu wanashea.

Agosti 13, 2004 ndivyo ilivyokuwa na kimbunga Charley. Mstari ulielekea Tampa, watu wakahama Tampa, wengine wakakimbilia Orlando, na wale wa kusini zaidi kwenye pwani ileile wakajiona wamepona. Kimbunga kikakata kulia mapema kidogo tu, kikaongezeka nguvu ndani ya saa chache, kikaingia Punta Gorda na Port Charlotte kikiwa daraja la 4 kati ya 5, halafu kikaenda kupita hukohuko Orlando kwa waliokimbia. Punta Gorda ilikuwa ndani ya koni muda wote na tahadhari ilishatolewa. Kosa la mwelekeo lenyewe lilikuwa dogo, ila pwani ile imelala karibu sambamba na njia ya kimbunga, hivyo ukikosea nyuzi chache tu kwenye kona, mahali pa kutua panasogea kilomita nyingi sana. Miaka 18 baadaye, Septemba 28, 2022, kimbunga Ian akatua karibu palepale, kisiwa cha Cayo Costa, na siku za kabla yake mazungumzo mengi yalikuwa Tampa, Tampa, Tampa. Bahari ikapanda ikaifagia Fort Myers Beach, na kwa jumla kimbunga kile kiliua zaidi ya watu 100. Mimi hili la pili ndilo linaniuma zaidi kwa sababu somo lilishatolewa mahali palepale.

Usiku wa kimbunga kukaribia pwani ndio mtihani wenyewe. Rada iko laivu, picha mpya inaingia kila dakika chache, na kila mtu ameweka kidole kwenye jicho la kimbunga, yaani kile kitovu chenyewe. Picha tatu mfululizo jicho limesogea kaskazini kidogo, basi zogo linaanza, "kimegeuka! kimegeuka! hakiji kwetu!", na kuna mtu mahali fulani ameshafunga mizigo kwenye gari anasoma hayo maneno, anafungua mizigo. Jamani, jicho la kimbunga haliendi moja kwa moja, linayumba kama pia inayozunguka, mara kulia mara kushoto, na baada ya saa moja mbili linarudi kwenye njia yake ileile. Ndio maana watabiri hawapimi mwelekeo kwa picha tatu, wanachukua wastani wa masaa mengi. Ukiona kimesogea, andika kimesogea, toa na saa, basi, neno "kimegeuka" liache mpaka masaa yapite.

Na hizi modeli sasa, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya mbele. Kuna ile ya Marekani, GFS, kuna ile ya Ulaya, na kila moja inaendeshwa mara nyingi kwa mabadiliko madogo madogo ya kuanzia, ya Ulaya inafika matokeo 51 kwa mkupuo mmoja, ndio unaona zile nyuzi nyingi za rangi kwenye ramani kama tambi. Uzuri wake uko kwenye utawanyiko, nyuzi zikikaa pamoja kuna uhakika, zikitawanyika hakuna, ni rahisi hivyo. Lakini mtu anachomoa uzi mmoja, ule wa kutisha zaidi, wa siku kumi mbele, kimbunga chenyewe hakijazaliwa bado, anaweka skrinshoti na alama za moto. Huo mimi nauita uchochezi, na watu wakitishwa hivyo mara tatu nne bila kitu kutokea, ya tano hawasikii. Najua mtu atanikumbusha Sandy wa 2012, kweli, modeli ya Ulaya ilionyesha karibu wiki nzima kabla kwamba kitageuka kushoto kiingie pwani ya Marekani wakati ya Marekani inakipeleka baharini, na Oktoba 29 kikatua New Jersey. Sawa. Lakini mwaka 2019 Dorian alionekana siku kadhaa anaenda Florida, akaganda juu ya Grand Bahama zaidi ya siku nzima na Florida hakutua. Kimbunga kinasukumwa na hewa inayokizunguka, lile eneo kubwa la mgandamizo mkubwa kwenye Atlantiki linakibeba magharibi, mkondo wa hewa ukilipasua eneo hilo upande wa kaskazini kimbunga kinapata mlango kinageuka, na visukumaji vikidhoofika kinasimama tu. Skrinshoti moja haikuambii mlango utafunguka saa ngapi.

Sasa nani kasema mwangaliaji wa kawaida hana kazi? Anayo, tena ya mwelekeo huohuo! Akiwa kaskazini mwa ikweta asimame aupe upepo mgongo, kitovu kiko kushoto kwake, mbele kidogo (kusini mwa ikweta ni kulia). Halafu aangalie baromita na bendera kila saa. Mgandamizo unaporomoka na upepo umegoma kubadilika upande, kinakuja kwake moja kwa moja. Upepo ukihama kama mshale wa saa, mashariki, kusini mashariki, kusini, yuko kulia mwa njia yake, na huko kaskazini mwa dunia kulia ndio upande mbaya zaidi, upepo mkali na bahari inayosukumwa nchi kavu. Ukihama kinyume chake, yuko kushoto. Mtu mwenye bendera na baromita anaandika "saa nane mchana, mgandamizo milibari 996, umeshuka 4 kwa saa moja, upepo bado kaskazini mashariki", hiyo ni taarifa ambayo hakuna skrinshoti inayoifikia, kwa sababu ni yeye tu aliyesimama pale.

Na inatumika kweli. Tangu 1965 wakati wa kimbunga Betsy kuna mtandao wa watu wa redio za masafa mafupi, Hurricane Watch Net, wanakaa kwenye megahezi 14.325, wanapokea vipimo na hali kutoka visiwani na kwenye meli wanazipeleka NHC, na minara ya simu ikianguka wao wanabaki hewani. Wote ni wa kujitolea. Hao ndio watu ninaotaka tuwaige.

Halafu maji. Mstari wa mwelekeo hausemi chochote kuhusu maji. Harvey mwaka 2017 alimwaga zaidi ya milimita 1,500 sehemu za Texas akiwa ameshatua na hana haraka. Helene alitua Florida Septemba 26, 2024, na vifo vingi vikatokea milimani North Carolina, mamia ya kilomita kutoka baharini, kwa mafuriko na maporomoko ya udongo, mahali ambapo wengi hawakuwaza kabisa kwamba kimbunga cha pwani kinawahusu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye wafuasi ni hili. Ukiposti ramani, posti koni nzima na saa ya taarifa, ile ya saa kumi na mbili zilizopita ifute kabisa maana inazunguka siku tatu ikiwa imeoza. Usikate picha ukaacha mstari peke yake. Taja mvua na bahari kabla ya kutaja jina la mji wa kutua. Na kikibaki siku moja kitue, mambo ya modeli weka pembeni, shea maagizo ya kuhama ya kila eneo lililo ndani ya tahadhari, hata lile ambalo wewe una uhakika kabisa kwamba kimbunga hakiendi.