Waherero wanaokataa euro bilioni 1.1

Mei 2021 Ujerumani ilikiri kwamba iliyoyatenda Namibia, koloni lake la zamani, kati ya 1904 na 1908 yalikuwa mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1. Viongozi wengi wa jadi wa Waherero na Wanama waliukataa mpango huo, uliojadiliwa kati ya serikali za nchi hizo mbili, na tangu hapo wanasemwa kuwa hawatosheki. Hawatendewi haki.

Tuanze na hesabu. Fedha hizo zimepangwa kutolewa kwa miaka 30. Milioni 50 ni za maridhiano na kumbukumbu. Milioni 1,050 ni za miradi, yaani milioni 35 kwa mwaka. Zigawe kwa mikoa saba iliyotajwa, kuanzia Kunene hadi ||Kharas, na kila mkoa unabaki na milioni 5 za maji, nishati, kilimo, vyuo vya ufundi, na pia ununuzi wa ardhi. Katika nchi ambayo mvua haba hulazimisha shamba moja la ng'ombe kuwa na maelfu ya hekta, fungu la ardhi litakalotoka humo ni dogo mno.

Na ardhi ndiyo kiini cha madai yao. Baada ya vita vya Ohamakari, Agosti 1904, majeshi ya jenerali Mjerumani Lothar von Trotha yaliwasukuma Waherero kwenye nyika kavu ya Omaheke na kuwazuia wasifike visimani. Oktoba 2 akaamuru kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni apigwe risasi. Walionusurika walipelekwa kambini Swakopmund, Windhoek na Shark Island. Kisha zikaja sheria: mwishoni mwa 1905 ardhi ya Waherero ilitaifishwa, 1907 kila Mwafrika aliyezidi umri wa miaka saba alilazimishwa kubeba pasi, na hakuruhusiwa kumiliki ardhi wala ng'ombe bila idhini ya gavana. Mfugaji asiye na ng'ombe wala malisho hana pa kuanzia tena, kwa hiyo akawa kibarua kwa mlowezi, mara nyingi kwenye malisho ya baba yake. Takwimu za serikali za 2018 zilionyesha kuwa takriban asilimia 70 ya ardhi ya mashamba ya kibiashara bado ilimilikiwa na wazungu.

Serikali ya Windhoek nayo ina hoja nzito. Kulipa kwa misingi ya kabila kungeweza kufufua migawanyiko iliyojengwa na utawala wa Afrika Kusini uliofuata ule wa Wajerumani, na Wadamara na Wasan nao waliuawa. Ujerumani inasema Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948 haurudi nyuma kwa matukio ya kabla yake, hivyo haidaiwi fidia kisheria. Ikilegeza hapo, Songea nako kuna madai ya Maji Maji.

Lakini mwaka 1952, huko Luxembourg, Ujerumani Magharibi iliafikiana kuhusu fidia za mauaji ya Wayahudi na Israeli na, pembeni yake, na muungano wa mashirika ya Wayahudi yaliyowasemea walionusurika. Hao walikuwa wahanga wenyewe, Waherero na Wanama wa leo ni vitukuu, tofauti ipo. Hata hivyo, kuzungumza na jamii iliyoumizwa kando ya dola kuliwezekana.

Kwa Waherero wa Botswana hoja hiyo ni nzito zaidi. Mababu zao walivuka Omaheke pamoja na chifu wao mkuu Samuel Maharero, na mikoa yote saba iko Namibia. Hakuna serikali iliyowawakilisha mezani.