Mpinzani akisahau matokeo, unamwambia?

Mzee alitamka kwa sauti, na nilimsikia: "Nikipata sare hapa nimemaliza. Ni 5 kwa 4."

Ilikuwa Juni, kwenye kijiwe cha drafti Uyole, asubuhi ya baridi ile inayokulazimisha kuficha mikono kwapani ukisubiri zamu yako. Tulikubaliana michezo 10, sare kila mtu nusu, na atakayeshindwa analipa supu. Tisa ilikuwa imekwisha, na kweli ilikuwa 5 kwa 4, ila aliyekuwa mbele ni mimi. Mchezo wa tatu alikubali mwenyewe kwamba amefungwa nilipoingiza kingi, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao, akainuka kupokea simu. Aliporudi, kichwani mwake mchezo ule ulikuwa umeshakuwa wake.

Ubaoni alikuwa amenibana. Tulitumia vizibo vya chupa kama kete. Vyake, vile vilivyotazama juu, vilizidi vyangu kimoja, na kwa subira ya zamu tatu nne angenifunga. Lakini mtu anayedhani anaongoza hahangaiki. Akalazimisha tulane kete mbili mbili, njia ikafunguka, akanyoosha mkono: "Sare, mwanangu?" Nikaupokea. Ndipo nikamtajia matokeo.

Kijiwe kiligawanyika. Walionitetea walisema kushika hesabu ni sehemu ya mchezo. Asiyeona kwamba kete yake italiwa haambiwi, kwa nini asiyekumbuka matokeo aambiwe? Hoja hiyo ina uzito, na hata michezo mikubwa ina mfano wake. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya gofu ya Masters kule Marekani, mchezo ambao mwenye mapigo machache ndiye mshindi, Roberto De Vicenzo wa Argentina alisaini kadi ya matokeo ambayo mwenzake aliyekuwa akimwandikia, Tommy Aaron, alikuwa ameandika mapigo 4 kwenye shimo la 17 badala ya 3. Sheria haikumhurumia. Pigo lile la ziada likabaki, na Bob Goalby akatwaa ubingwa kwa tofauti ya pigo moja, bila mchezo wa marudio baina yao. Ukisaini, ni yako.

Lakini pale kulikuwa na kadi, kalamu na nafasi ya kuhakiki kabla ya kusaini, na aliyefaidika hakukaa mbele ya De Vicenzo akimsikiliza akikosea. Sisi hatukuwa na chochote zaidi ya vichwa viwili. Matokeo yalikuwa mali yetu wote wawili, na mwenzangu aliponitajia, alikuwa kama ananiuliza. Kunyamaza kwangu kulikuwa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa la uongo.

Wachezaji wa bakgamoni, mchezo wa ubao unaotumia dadu, wanaujua uchungu huu vizuri zaidi, kwa sababu kwao matokeo huamua hata mbinu. Kuna dadu ya kuzidishia dau, yaani pointi ambazo mchezo mmoja unabeba, yenye 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Chukua mechi ya kufikisha pointi 7. Mwenye 6 anahitaji pointi moja tu; akizidisha dau haongezi chochote kwake, bali anampa mpinzani nafasi ya kuvuna mara mbili. Mchezo wa kwanza baada ya kufika hapo, kanuni ya Crawford inaizuia dadu hiyo kabisa, kwa hiyo anayesahau atazuiwa. Michezo inayofuata haina ulinzi huo. Mtu akidhani ana 5 na kumbe ana 6, anaweza kuzidisha na kujikata mguu mwenyewe, na mpinzani akimeza mate tu ameshafaidika.

Je, nikihisi tu, kwa jinsi anavyocheza, kwamba amepotea hesabu? Hapo nasimama na walionitetea. Pengine ana mpango nisiouona, na kumzindua ni sawa na kumfundisha katikati ya mchezo. Sitakiwi kusoma mawazo yake. Ninachodaiwa ni kutokubali kwa kimya jambo lililotamkwa mbele yangu ninalojua si kweli, na deni hilo ni lilelile kosa likimpendelea yeye au mimi. Tena lilipwe kabla hajagusa kete nyingine, kwa sababu baada ya hapo kila hatua yake imejengwa juu ya kosa ambalo mimi ningeweza kulizuia.

Na ukichelewa? Rudini pale aliposema. Katika drafti inawezekana mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Vizibo vyetu vilikuwa bado ubaoni, na vile vinne vilivyoliwa vilikuwa pembeni, ningeweza kuvirudisha kimoja kimoja mbele ya mashahidi wote.

Sikuvirudisha. Mzee alihesabu michezo kwa vidole, alipofika wa tatu akatikisa kichwa. "Ulinisikia lakini," akasema. Akalipa supu zote mbili, akanipa mkono, akavuka barabara kuwahi gari la Tukuyu.