Magimbi Mbele ya Baraza

Hosta yangu, mmea wa mapambo, imekufa, na bado inaniuma. Niliinunua kwenye kitalu kimoja Arusha, ile ya majani makubwa ya buluu na kijani, muuzaji akanihakikishia kwamba inataka kivuli tu. Kivuli ninacho. Kihamba chetu, shamba la nyumbani, huku Marangu, Kilimanjaro, kina mti wa mringaringa mnene, na chini yake migomba na kahawa.

Mwaka wa kwanza ilitoa majani yenye mikunjo kama kitenge kilichotoka kufuliwa. Nilipopitisha kidole juu ya jani moja, buluu ikafutika, pakabaki mstari wa kijani cha kawaida. Kumbe buluu ile ni nta nyembamba, kama ya jani la kabichi, na jua kali huimaliza. Mwaka wa pili majani yakadumaa. Wa tatu yalichomoza mawili, makoa wakayamaliza.

Kivuli hakikuwa na kosa. Hosta asili yake ni Japani, Korea na China, kwenye majira ya baridi ya kweli. Majani hukauka yote, mmea ukalala, na shina lake la ardhini huhitaji wiki kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 5 hivi ndipo liamke na nguvu. Julai yetu, pamoja na makoti tunayovaa, haifiki huko. Kwao jani la hosta kubwa hupita sentimita 30. Kwangu lilipungua kila mwaka. Muuzaji wa miche alipaswa kuniambia hilo kabla ya kupokea hela.

Hatua chache kutoka pale ilipofia, kando ya mfongo, mfereji wa maji, magimbi ya mama yalinifika kifuani. Asubuhi umande hukaa juu ya jani kama shanga, ukiligusa unateleza wote na jani linabaki kavu. Nalo lina nta yake. Uzuri niliokuwa nautafuta kitaluni ulikuwa nyumbani siku zote, tunaulisha familia na hatuutazami. Siku hizi anayejenga hufyeka magimbi, akaangusha na mringaringa, apande ukoka wa kumwagilia kila jioni. Mimi naona ni hasara kubwa.

Nimehamishia mashina matano mbele ya baraza, nyuma yake nimepanga mimea ya masale. Mama aliuliza kama shamba limejaa hata nipande chakula mlangoni.

“Yaangalie kwanza asubuhi, mama.”

Kesho yake nilimkuta barazani na chai yake, kiti amekigeuzia kwenye magimbi.