Wamarekani sio wanafiki, wamekosa baraza tu

Mbongo akifika Marekani, miezi ya mwanzo atakusimulia mpaka uchoke. Jamani hawa watu wana roho nzuri, yaani unapishana na mtu humjui hakujui anakuchekea, keshia wa supamaketi anakusifia viatu, mzee kwenye foleni anakuhadithia goti lake lilivyofanyiwa operesheni na hujamuuliza. Mtafute mtu huyo huyo mwaka ukiisha uone kama hajageuka. Wanafiki hawa, wanakuchekea meno tu, nimefanya nao kazi mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyeniambia karibu nyumbani. Na hizo stori mbili utazikuta kwa Mkenya, kwa Mkongo, kwa Mhindi, hata kwa Mjerumani, wote wanapita njia moja, kwanza sifa halafu lawama.

Mimi niko Houston, jimbo la Texas, nimeshapita kwenye sifa nimeshapita kwenye lawama, na kiukweli lawama ni tamu ndio maana wengi wanaganda hapo hapo. Ila nimefika mahali naona tunawaonea. Ule uchangamfu wao ni wa kweli kabisa, tatizo hauna pa kukaa.

Tuanze na salamu maana ndiyo kesi inayoletwa kila siku. Watu wanalalamika eti Mmarekani anakuuliza hali halafu hasubiri jibu, anapita zake. Sawa, na sisi je? Mtu wa Tanga ana homa siku ya tatu, mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, ukimuuliza habari za huko atakujibu nzuri, za watoto nzuri, za kazi nzuri, mpaka salamu zikiisha zote ndio anakwambia ila tu jana tumemzika shemeji. Hakuna anayemwita muongo. Na Dar ndio usiseme, mtu bado yuko kitandani anakwambia nipo njiani nimefika Ubungo, au mkikutana barabarani baada ya miaka anakwambia nitakutafuta wikiendi, na wote wawili pale mmesimama mnajua kabisa hamtatafutana. Sasa Mmarekani akisema siku moja tuje tukae tunywe kahawa na isitokee, tunamshikia bango kama vile alikula kiapo.

Halafu kuna watu wanasema wanacheka kwa sababu ya hela. Hapo kuna ukweli kidogo na lazima tuuseme. Texas mhudumu wa mgahawa anaweza kulipwa na tajiri yake dola 2.13 kwa saa, sio mchezo, ndicho kiwango cha chini cha serikali kuu kwa watu wanaopokea tipu na hakijasogea tangu 1991. Sheria inasema tipu zikiwa ndogo mwajiri ajazie mpaka ifike 7.25, na hiyo nayo ipo pale pale tangu 2009. Kwa hiyo dada akija mezani kwako mara nne kukuuliza chakula kikoje, huyo anatafuta kodi ya nyumba. Mimi nikishajua hivyo naacha asilimia 20 na simwiti mnafiki, namwita mtu aliye kazini. California na Minnesota mwajiri anatakiwa kulipa kima cha chini kamili kabla hata ya tipu, na huko pia wahudumu wanacheka vizuri tu, kwa hiyo hela haielezi kila kitu.

Na kama ingekuwa ni biashara tupu basi ingeuzika popote. Walmart, ile kampuni kubwa ya supamaketi ya Kimarekani, walijaribu. Waliingia Ujerumani 1997 na mambo yao yale ya kutabasamu kwa wateja na kukupangia vitu kwenye mfuko, Wajerumani wengi wakaona hawa vipi, huyu anayenichekea ananijua wapi, na mwaka 2006 Walmart wakauza maduka wakaondoka. Sitaki kusema ni tabasamu lililowafukuza, walishindwa bei, walizozana na vyama vya wafanyakazi, mambo mengi. Lakini utaona kwamba kile kitu Mmarekani anakiona ni adabu ya kawaida, mwenzake wa Ulaya anakiona ni usumbufu.

Wamekitoa wapi basi? Mwaka 2015 kuna watafiti, kati yao watu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walichapisha kazi inayoonyesha kwamba nchi ambazo wakazi wake wametoka sehemu nyingi za dunia kwa karne kadhaa ndizo ambazo watu wanaonyesha hisia usoni zaidi. Mimi niliposoma nikasema mbona inaeleweka. Fikiria umeshuka Marekani miaka ya 1800 huko, jirani kushoto Mwairishi kulia Mwitaliano, lugha hampatani, ukoo wake huujui, utajuaje kama huyu mtu ni wa heri au wa shari? Unaangalia uso. Sisi kwetu huna haja, utamuuliza mtu wewe mtoto wa nani, unakaa mtaa gani, mkizunguka kidogo mnajikuta ndugu. Mmarekani hana hicho cha kuuliza kwa hiyo anatanguliza meno.

Kingine ni kuhama. Miaka ya 1950 na 60 karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa anahama nyumba kila mwaka nchi hii, siku hizi imepungua, ni chini ya mmoja kati ya kumi, lakini mazoea yamebaki. Wamejifunza kukuzoea haraka na kukuachia haraka. Mtu anakuonyesha picha za talaka yake dakika ya kumi ya kufahamiana, halafu akipata kazi Denver anahama, hakuagi.

Sasa nije kwenye nyumba, maana mimi naona kesi nzima iko hapa.

Nyumba za mitaa ya pembezoni Houston zina kitu mbele ambacho wanakiita gereji, sio ya fundi, ni chumba cha kulaza gari kilichoungana na nyumba. Jirani anarudi kazini, akiwa bado yuko barabarani anabonyeza rimoti, mlango unapanda, gari linaingia, mlango unashuka. Basi. Humuoni tena mpaka kesho asubuhi, na asubuhi ni hivyo hivyo kinyumenyume. Hajakuchukia, ni nyumba tu imejengwa hivyo. Ukienda Tanga mjini, au Mji Mkongwe, au Lamu, nyumba imejengewa baraza nje, ukuta una kikalio, jioni mtu akitoka kuvuta hewa ameshakuwa na wageni, hakupanga, hakupika, hakupiga simu. Au kijiwe cha kahawa, kikombe kimoja cha bei ya bure unakaa saa mbili mnabishana Simba na Yanga. Kule Marekani ukitaka kukaa na mtu lazima ununue kitu au upange siku. Hata watoto, mtoto kucheza na mtoto ni mpaka mama na mama waandikiane meseji, Jumamosi saa nne mpaka saa sita, na saa sita inafika kweli wanakuja kumchukua. Mke wangu wiki za kwanza alimwambia mama mmoja muache tu atalala huku, yule mama aliangalia kama vile ameambiwa mtoto anauzwa.

Kuna usiku mmoja tu kwa mwaka mlango unagongwa bila taarifa na hakuna anayeshtuka, tarehe 31 Oktoba, Halloween. Ukiwasha taa ya mbele ni ishara kwamba watoto waje wachukue pipi. Usiku huo majirani wote wako nje, mabeseni ya pipi mapajani, wanaongea, wanacheka, wanajuana majina. Kesho yake rimoti.

Na anayesema hawana utu angekuwepo Agosti 2017. Kimbunga Harvey kilipiga pwani ya Texas tarehe 25, kikatulia juu yetu kikamwaga mvua siku kadhaa, sehemu nyingine za huku zilipata zaidi ya mita nzima ya maji. Watu walitoka Louisiana na mitumbwi yao ya uvuvi, wenyewe wanajiita Cajun Navy, kundi lililoanzia kwenye kimbunga Katrina 2005, wamekokota boti kwa pickup usiku kucha, wamekuja kuopoa watu wasiowajua juu ya mapaa. Hakuna aliyeuliza wewe mweupe mweusi una makaratasi huna. Jim McIngvale, huyu tajiri wa fanicha ambaye mji mzima unamwita Mattress Mack, alifungua maduka yake watu wakalala kwenye magodoro ya kuuza. Akafanya tena Februari 2021 wakati wa ile baridi iliyozima umeme Texas, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 gizani. Mtaani kwetu baridi ile ndiyo siku nilijua jina la jirani wa tatu, alikuja na kuni. Ule mlango wa gereji bila umeme ilibidi aunyanyue kwa mikono.

Kwa hiyo utu upo. Unasubiri dharura ndio utoke nje.

Ila nisionekane nimenunuliwa. Tabasamu hili haligawiwi sawa, na anayesema linagawiwa sawa hajawahi kutembea kwa miguu jioni kwenye mtaa wa watu akiwa mwanaume mweusi. Mimi nilitoka shifti nikasema ninyooshe miguu, baadaye naona kwenye grupu la mtaa mtu ameandika kuna jamaa anazungukazunguka tuwe makini. Nilicheka, lakini mwaka 2020 kule Georgia kijana mweusi Ahmaud Arbery alikuwa anakimbia zake mtaani akafukuzwa na gari akapigwa risasi, waliomuua wakasema walimdhania mwizi. Na kuna kitu wageni hatupendi kukisema: nikifungua mdomo lafudhi ikatoka, nyuso nyingi zinalegea, oh unatoka Afrika, karibu sana. Mfanyakazi mwenzangu mweusi aliyezaliwa hapa hapa Houston aliwahi kuniambia nyie mnachekewa kuliko sisi wenye nchi. Sikuwa na la kumjibu.

Turudi kwenye urafiki. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha 2018 utafiti kwamba mtu kuwa rafiki wa kawaida tu inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja, na rafiki wa karibu ni zaidi ya 200. Sasa wewe piga hesabu. Nchi haina sheria ya serikali kuu inayomlazimisha mwajiri binafsi akupe likizo ya malipo, mtu ana kazi mbili, saa nzima barabarani kwenda saa nzima kurudi, hizo 200 anazitoa wapi? Mwaka 2023 Vivek Murthy, daktari mkuu wa serikali wakati huo, alitoa waraka mzima kuhusu upweke, karibu nusu ya watu wazima wanasema wanausikia. Yaani yule keshia aliyekuhadithia mambo yake dakika mbili pengine wewe ndio mtu wa kwanza aliyemsikiliza tangu asubuhi, na sisi tunatoka pale tunasema feki.

Na sisi wabeba boksi tumekuwa vile vile, tusidanganyane. Kijana anatua leo kutoka Dodoma, anapiga simu anataka kuja kusalimia, anaambiwa ngoja niangalie ratiba, labda Jumapili ya tatu. Wenyewe kwa wenyewe Wabongo wa Houston tunakutana kwenye msiba na kwenye bethdei ya kukodi ukumbi, hapo katikati ni WhatsApp na michango. Huyo kijana akiwapigia simu wa nyumbani anasema Waswahili wa mamtoni wanaringa. Haturingi, tumechoka, na tunaishi kwenye nyumba zile zile.

Mwaka jana nilinunua viti vya plastiki vinne nikaviweka nje mbele, nikasema mimi najenga baraza langu. Ikaja barua ya kamati ya mtaa, viti vya rangi ile haviruhusiwi kukaa mbele ya nyumba. Nikaviingiza kwenye gereji, gari nikalitoa likalala nje, mlango nikauacha wazi jioni na birika la kahawa ya tangawizi. Kumbe Texas hiyo ni kawaida kabisa, kuna wazee wanakaa gerejini mlango wazi na redio, mimi nilikuwa siwaoni kwa sababu siku zote napita na gari vioo juu. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Ya pili alisimama Mvietnam wa nyumba ya kona, halafu yule wa kuni, sasa wanakuja bila meseji, na wa kuni anaweka sukari vijiko vinne. Kinachotusumbua ni mbu tu, maana mbu wa Houston na wa Tanga ni baba mmoja mama mmoja.