Je, Dakshinaranjan aliwapora mabibi wa Bengal?

Siku hizi hatajwi Dakshinaranjan Mitra Majumder, mkusanyaji wa ngano za Bengal (eneo ambalo leo ni Bangladesh na sehemu ya India), bila kusomewa mashtaka. Kwamba alikuwa msimamizi wa mashamba ya shangazi yake huko Mymensingh, akawasikiliza wanawake wa vijijini, kisha mwaka 1907 akatoa *Thakurmar Jhuli*, yaani Mfuko wa Bibi, jina lake likiwa jaladani na wasimuliaji wakiwa hawatajwi. Tena kwamba alizipiga pasi hadithi zenyewe, yaani alizilainisha, hivyo si ushahidi wa kuaminika wa jinsi zilivyosimuliwa.

Shtaka la kwanza lina uzito. Mtu aliyezunguka na fonografu, mashine ya zamani ya kurekodi, kunasa sauti hakushindwa kuuliza jina.

La pili ndilo linalonikera, kwa sababu linamhukumu kama mtafiti wa chuo ilhali alikuwa mwandishi wa watoto. Mwaka 1883 mwandishi Mbengali Lal Behari Day alikuwa ameshatoa mkusanyo wa hadithi za Bengal, kwa ombi la ofisa wa Kiingereza, kwa Kiingereza, ukachapwa London. Mtoto wa kijijini karibu na Dhaka angeusomaje? Kisha mwaka 1905 Waingereza wakaigawa Bengal, na wananchi wakaanza kususia bidhaa zao, nguo za Manchester kwanza. Mshairi Rabindranath Tagore, aliyemwandikia Dakshinaranjan dibaji, alisikitika kwamba hata mfuko wa bibi ulikuwa umeanza kuletwa kutoka viwanda hivyohivyo vya Manchester. Kejeli hiyo inaeleza kazi yote: vitabu vya watoto navyo vilikuwa bidhaa ya kigeni, na hapa palikuwa na mtu wa kuleta ya nyumbani. Alimwandikia mama anayemlaza mwanawe, na picha akazichora mwenyewe.

Na hiyo pasi inayosemwa mbona haikupita kila mahali? Mazimwi yake bado yananusa harufu ya mtu na kunguruma "hau mau khau". Vibwagizo vimo. Katika hadithi ya Lalkamal na Neelkamal, malkia zimwi anammeza mtoto wa mke mwenzake, kisha anammeza na wa kwake wa kumzaa. Mtu wa kulainisha mambo angeanza kufuta hapo. Yeye alipaacha, na watoto wa Bengal wameendelea kutetemeka kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wapo wanaosema chapa iliigandisha hadithi, kila mtu sasa anajua namna moja tu. Kiasi fulani ni kweli: kitabu kikishaingia nyumbani, bibi mwenyewe husahihishwa na wajukuu. Lakini *Sat Bhai Champa*, mojawapo ya hadithi za mfuko huo, ilifanywa filamu Dhaka mwaka 1968, ikavishwa nyimbo na mambo ambayo Dakshinaranjan hakuyaandika. Kilichoganda hakibadiliki hivyo.

Majina, hayo hata mimi namdai. Ukurasa mmoja mwishoni ungetosha: kijiji gani, bibi gani, hadithi ipi.