Msimwite Fernando wetu kabla hamjajua alivyotumiwa

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp, sisi Waafrika Mashariki wa huku California, mtu alituma video ya David Matoma, yule kijana wa Uganda, mrushaji wa besiboli (anayemrushia mpigaji mpira), aliyesajiliwa na timu ya Pittsburgh Pirates ya Marekani mwaka 2023. Mpira ukitoka mkononi mwake unakaribia kilomita 160 kwa saa. Tulishangilia sote. Halafu ndugu mmoja akaandika: "Huyu ndiye Fernando Valenzuela wetu. Wampe mpira, wamwache arushe tu. Kijana hachoki." Likafuata jeshi zima la dole gumba.

Maneno hayo yamenikereketa mpaka leo. Kijana anachoka. Na kama kuna mtu ambaye maisha yake yanatufundisha hivyo, ni huyo huyo Fernando, Mmexico aliyekuwa mrushaji wa timu ya Dodgers ya Los Angeles.

Wengi tunaijua hadithi yake kwa ule mwanzo mtamu tu, na mwanzo ulikuwa mtamu kweli, siwezi kukataa. Kitinda mimba katika watoto 12 wa familia ya wakulima, kijiji cha Etchohuaquila, jimbo la Sonora kule Mexico. Msaka vipaji wa Dodgers, Mike Brito, alikuwa amekwenda kumtazama mchezaji mwingine kabisa. Macho yakamganda kwa huyu mrushaji wa mkono wa kushoto. Mwaka 1979 Dodgers wakamnunua, na mwaka huo huo mrushaji mwenzake, Bobby Castillo, akamfundisha skruboli, mrusho unaoupinda mpira upande usio wa kawaida.

Aprili 9, 1981, siku ya kufungua msimu, ilikuwa zamu ya Jerry Reuss. Reuss akaumia kigimbi, mpira akapewa kijana wa miaka 20 ambaye alikuwa hajawahi kuanza mechi hata moja ya ligi kuu. Akawanyamazisha Houston Astros 2-0. Mechi nane za kwanza alizoanza alishinda zote, na tano kati yake wapinzani hawakuambulia pointi. Los Angeles ikapata kichaa. Wamexico wa mji huo, ambao walikuwa na kinyongo cha haki na Dodgers kwa sababu uwanja ule umejengwa Chavez Ravine, mahali ambapo familia zao zilitolewa kwa nguvu, wakajaza viti kumwona mtoto wao. Mwisho wa mwaka alibeba tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, na ya mchezaji chipukizi kwa msimu mmoja. Hajatokea mwingine mpaka leo.

Sasa hapo ndipo wasimuliaji wengi hufunga kitabu. Mimi nataka tufungue kurasa zinazofuata.

Katika kila mechi kati ya zile nane alirusha vipindi tisa vizima, yaani urefu wa kawaida wa mechi. Vyote tisa, mara nane mfululizo, mtoto wa miaka 20. Kisha ikaja fainali ya World Series, ambayo huchezwa kwa mechi kadhaa, na mechi ya tatu ikawa Oktoba 23. Yankees wanaongoza mechi mbili kwa bila, Dodgers wakifungwa tena ni kama wamekwisha. Fernando siku hiyo hakuwa sawa. Wapigaji waliipata mipira yake mara tisa, mara saba akarusha ovyo mpaka mpigaji akapewa njia ya bure, pointi nne zikaingia mapema. Kila mtu aliona kijana anahangaika. Kocha Tommy Lasorda hakumtoa. Akamwacha arushe mipira 147 mpaka mwisho, Dodgers wakashinda 5-4, na baadaye wakachukua ubingwa. Mechi hiyo inasifiwa hadi leo kama ushahidi wa moyo wa simba. Moyo wa simba alikuwa nao, naam. Lakini mipira 147 haikurushwa na moyo. Ilirushwa na bega.

Nafanya kazi na mzee mmoja wa Mexico aliyekuwa uwanjani mwaka ule wa 1981. Siku moja wakati wa chakula alinionyesha skruboli ilivyo. Alishika chungwa kwa mkono wa kushoto, akauleta mkono mbele polepole, na pale pa kuachia akaupindua kiganja kikageukia nje, kidole gumba kikielekea chini. Nikajaribu. Fanya na wewe hapo ulipo, polepole, na usikilize kiwiko na bega vinakwambia nini. Halafu fikiria kufanya hivyo kwa nguvu, mara mia na zaidi kwa mechi, miaka nenda miaka rudi.

Maana haikuishia 1981. Kuanzia 1982 hadi 1987 hesabu zake za vipindi kwa msimu ni hizi: 285, 257, 261, 272, 269, 251. Mwaka 1986 peke yake alimaliza mechi 20 bila kupokewa na mtu. Siku hizi mrushaji anayefikisha vipindi 200 kwa msimu ni wa kutafutwa kwa tochi. Fernando alivipita kwa mbali miaka sita mfululizo, akiwa na umri wa miaka 21 mpaka 26, umri ambao leo wangemlinda kama yai. Mwaka 1988 bega likagoma. Dodgers wakachukua ubingwa mwaka huo huo, naye hakurusha hata mpira mmoja katika fainali zile.

Najua mtakalosema: ndivyo mambo yalivyokuwa zama zile, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuomba kutolewa. Sawa, nakubali. Nakubali pia kwamba alirudi, akarusha mpaka 1997, na mwaka 1996 akiwa San Diego alishinda mechi 13. Na nitaongeza hata hili, ingawa linaniuma: hawa wa leo wanaohesabiwa kila mpira bado viwiko vinakatika, kwa sababu kila mpira wanaurusha kwa nguvu zote walizonazo. Kuhesabu peke yake si dawa. Lakini kijana wa miaka 20 aliyetoka kijijini, asiyejua Kiingereza, anayesemewa na mtangazaji Jaime Jarrín mbele ya waandishi, angemwambia nani "nimechoka" na akasikilizwa?

Juni 29, 1990, bega likiwa limeshachakaa, aliwanyima Cardinals pigo hata moja kwa mechi nzima. Machi 1991, msimu ukiwa unakaribia kuanza, Dodgers wakamwacha. Walimtafuna utamu wote kama muwa, yalipobaki makapi wakatema. Alikuwa na miaka 30. Jezi yake namba 34 waliistaafisha Agosti 2023. Oktoba 2024 akafariki.

Mwaka 2022 Dodgers hao hao waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma. Nawaombea mema wote, na Matoma pia, kwa moyo wangu wote. Lakini tukiwa ndugu zao tusikae kazi yetu ikawa kupiga makofi tu. Tuulize kijana amerusha vipindi vingapi mwaka huu. Tuulize kambini kuna nani anayemwelewa akisema bega linamuuma, na je, akisema hivyo, nafasi yake inabaki? Walio karibu na wanakochezea, nendeni mkawaone, muwapikie, muwaulize wanalalaje baada ya mechi. Na yule ndugu wa kwenye kundi, nakuomba kwa heshima: futa yale maneno. Wasije wakayasoma wakadhani ndicho tunachokitaka kwao.